Kamba Wakavu Jikoni kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakuwahi kunigombeza hata siku moja, na hilo ndilo lililonifanya nimwogope. Nilikuwa nikipika, anakula vijiko vitatu vinne, anasukuma sahani pembeni taratibu na kusema, "Tumeshiba, Mungu ashukuriwe." Basi. Hakusema chumvi imezidi wala haijatosha. Mimi nilibaki nikiitazama ile sahani kama mwanafunzi anayetazama karatasi ya mtihani isiyosahihishwa.

Yeye anaishi nje kidogo ya Mutomo, upande wa Kitui ambako mvua ikikosa huwa imekosa kweli. Mimi nilizaliwa Kilungu, milimani, kwenye parachichi na maembe na vijito. Tulipooana na mwanawe na kuhamia Kibwezi, aliniambia jambo moja tu kuhusu kwetu. "Huko kwenu chakula mnaokota chini ya miti." Alisema akitabasamu. Sikujua kama ni sifa au ni kejeli, na kwa miaka yote iliyofuata sikuthubutu kumuuliza.

Kibwezi niko na kikundi cha akina mama tunaokausha maembe. Tunayamenya, tunayakata vipande vyembamba, tunayapanga kwenye trei na kuyaingiza kwenye banda la jua. Mwaka fulani tukapata nafasi ya kumtuma mmoja wetu Thailand akajifunze wenzetu wa huko wanavyokausha matunda, na kura ikaniangukia. Sikuwa nimewahi kupanda ndege. Niliogopa ndege, niliogopa lugha, lakini zaidi ya yote niliogopa chakula. Wanawake wa kanisani walikuja kuniombea jioni moja kabla sijaondoka, na mmoja wao, akiwa ameniwekea mkono kichwani, akamsihi Mungu kwa sauti aniepushe na kulishwa nyoka. Sote tulisema amina. Hakuna aliyecheka.

Kule nilikaribishwa kwa mama mmoja wa makamo, mkausha matunda kama mimi, mwenye nyumba ya mbao kando ya mfereji. Kiingereza chake kilikuwa kidogo na changu hakikuwa kikubwa, kwa hiyo tuliongea zaidi kwa mikono. Jioni ya kwanza alinitengea bakuli la supu. Ndani yake walikuwamo kamba wazima, na vichwa vyao, na macho meusi kama mbegu za papai. Niliona wananitazama. Nyuma ya mwenyeji wangu kulikuwa na dirisha, na kwa muda nilifikiria kama ningeweza kumwaga ile supu nje bila yeye kuniona.

Aliona hofu yangu. Hakucheka. Alichukua kijiko changu, akachota mchuzi mtupu bila kamba, akaupuliza, akanipa kama anavyolishwa mtoto mgonjwa. Nikafumba macho nikameza.

Ilikuwa kali, chachu na tamu, vyote kwa wakati mmoja. Mchaichai niliujua, kwetu tunautia kwenye chai. Ndimu niliijua. Pilipili niliijua. Lakini sikuwa nimewahi kuvikuta vyote pamoja kwenye bakuli moja, vikiwa na ule utamu wa bahari chini yake. Nililia kwa pilipili na nikaomba niongezewe. Usiku ule nilikula kamba wa kwanza maishani mwangu, na mwenyeji wangu akanionyesha jinsi ya kumtoa kichwa na kumfyonza.

Baada ya hapo sikuogopa tena. Kila asubuhi watu wa pale walisalimiana kwa kuulizana kama umeshakula wali, na mimi nikajifunza kujibu kwamba bado, ili nilishwe. Jikoni kwa yule mama kulikuwa na kinu na mchi, na nilipoviona nilihisi niko nyumbani. Alitwanga kitunguu saumu na pilipili, akatia sukari ya mnazi, ndimu, mchuzi wa samaki waliochacha ambao harufu yake ilinikumbusha viatu vilivyonyeshewa, kisha kamba wakavu wadogo, karanga, na mwisho embe bichi lililokatwa nyuzi nyuzi. Aligonga polepole, akigeuza kwa kijiko. Embe bichi! Mimi niliyekua nikila embe bichi kwa chumvi na pilipili nikiwa juu ya mti, nilikaa kwenye jamvi lake nikala sinia zima peke yangu.

Siku nyingine alinipa kitu cha moto kwenye kikombe, kizito, cha manjano, chenye tui la nazi juu. Nilionja nikamtazama. Zilikuwa ndengu, yaani choroko. Ndengu zetu hizi za Makueni, zimekobolewa na kupikwa kwa sukari kama uji wa sherehe. Nilimwonyesha kwa mikono kwamba kwetu zinajaa shambani, tunazila na chapati, tunazila mpaka watoto wananuna. Alicheka mpaka akashika ubavu.

Jumapili ya mwisho alinipeleka baharini, kwenye mkahawa wenye viti vya plastiki vilivyopangwa mchangani. Tuliletewa kamba wa kuchoma, kila mmoja mrefu kama kiganja changu. Nilikuwa nimefika wa nne au wa tano midomo ilipoanza kunichonyota. Nilijigusa shingoni nikakuta vipele vidogo. Mwenyeji wangu aliacha kula, akaelekeza kidole shingoni pangu, akaniuliza kwa macho. Nilimwambia ni pilipili. Alisita, kisha akaniletea maji ya barafu, na baada ya muda vikapotea. Sikuvifikiria tena.

Kabla sijaondoka tulienda sokoni kununua zawadi. Alinichagulia kamba wakavu mwenyewe, akinusa kila fungu na kukataa mengi kabla ya kukubali moja. Aliwafunga kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, akaongeza peremende za ukwaju na chupa ya ule mchuzi wa samaki iliyozungushiwa soksi zangu. Kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi nilidhani nitaulizwa nimebeba nini. Mkaguzi alifungua begi, harufu ikampiga usoni, akalifunga haraka na kunipungia mkono niende zangu.

Zile peremende tulizimaliza Kibwezi. Kamba sikuwagusa, kwa sababu nilikuwa na mpango nao. Kwa chakula chochote cha kwetu, mama mkwe alikuwa na kipimo chake: muthokoi wake yeye wa mahindi yaliyokobolewa, isyo yake ya mahindi na maharagwe, mboga yake. Nilitaka nimpikie kitu ambacho hana pa kukilinganisha. Nilitaka, mara moja tu, aniambie kama ni kitamu au ni kibaya.

Jumamosi niliyochagua mume wangu alikuwa na mazishi ya mwalimu mwenzake, kwa hiyo nilivuka Mto Athi na kwenda peke yangu. Nilibeba maembe mabichi, karanga, ndimu, na ule mfuko. Nilimkuta mama mkwe akipepeta mbaazi uani.

"Leo napika mimi, Mwaitu," nikamwambia. Kwa Kikamba ndivyo tunavyomwita mama, na yeye namwita hivyo hivyo.

"Pika," akasema. "Jiko lipo."

Alinifuata ndani akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nilianza na wali. Kisha nikachukua kinu chake, nikakifuta, nikatwanga kama nilivyofundishwa. Nilipofungua ule mfuko, aliinua kichwa.

"Ni nini hicho kinanuka?"

"Ni kamba, Mwaitu. Wa baharini. Wamekaushwa."

Alinyoosha mkono. Nilimmiminia wachache kwenye kiganja. Aliwapeleka kwenye mwanga wa mlango akawageuza kwa kidole.

"Wana miguu."

"Wana miguu, ndiyo."

"Hawa ni wadudu."

"Ni kama samaki, Mwaitu."

"Samaki hana miguu." Alinirudishia. "Haya, endelea. Mgeni hula anachopewa, na leo mimi ndiye mgeni."

Tulikula uani kwenye kivuli cha nyumba. Aliomba, maombi marefu kuliko kawaida yake. Alichukua kidogo kwenye ncha ya kijiko. Alitafuna. Nilijifanya ninapanga sahani yangu, lakini nilikuwa nasikiliza meno yake. Kisha akachota tena, kijiko kizima. Akachota tena. Nilimtazama. Alikuwa na jasho la pilipili juu ya mdomo na alikuwa anatabasamu peke yake, akitazama mbali.

"Hii," akasema, "inaamsha kichwa."

Nilifurahi kiasi kwamba nilikula haraka, kwa pupa, kama mtu aliyeshinda kitu. Alikuwa anajiongezea kutoka kwenye sufuria wakati viganja vyangu vilipoanza kuwasha.

Nilivisugua kwenye leso. Mwasho ukahamia kwenye nyayo, kisha nyuma ya masikio, kisha midomo ikawa mizito kama si yangu. Nilikumbuka ule mkahawa wa mchangani na nikajiambia ni pilipili. Nikanywa maji. Maji yalipita kwa shida. Nikakohoa kidogo, nikajaribu kusafisha koo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mwingine, nene na ya kukwaruza.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Nimewahi kuogopa vitu vingi, lakini hofu hii ilikuwa tofauti. Haikuja kutoka nje. Ilipanda kutoka tumboni kabla hata sijafikiria lolote, na ilikuwa na hakika: unakufa. Hakuna aliyeniambia. Mwili wenyewe ulijua. Nilitazama uani, kuku, ungo wa mbaazi, jua kwenye mabati, na vyote vilikuwa mbali na vikali, kama naviona kwa mara ya mwisho na nimeagizwa nivitazame vizuri.

"Mwaitu," nikasema.

Aligeuka. Nilimwona akiuona uso wangu, na kwa jinsi alivyoweka sahani chini nilijua sura yangu imeharibika.

"Macho yako," akasema. "Macho yako yanafunga."

"Sipumui vizuri."

Alisimama. Miguu yake ina ugonjwa wa magoti na siku zote huinuka kwa hatua, mkono ukutani kwanza. Siku ile aliinuka mara moja. Alitoka mpaka kwenye ua wa miiba, akaweka mikono mdomoni na kupiga ukemi ambao sikujua kama kifua chake kinauweza. Aliita jina la jirani yake, shemasi wa kanisa lao, mwanamume mwenye wajukuu anayeendesha pikipiki ya abiria. Aliita tena. Kisha akarudi kwangu, akanishika chini ya kwapa.

"Usilale. Nakuambia usilale."

Jirani alikuja na pikipiki mpaka mlangoni, akatawanya kuku. Alinitazama mara moja tu akaacha kusalimia.

"Nimbebe nyuma, mama? Ataanguka."

"Hataanguka. Mimi nitakaa nyuma yake."

"Wewe hujawahi kupanda hii kitu."

"Leo nitapanda. Shika vizuri."

Kweli hakuwa amewahi. Alikuwa akisema pikipiki ni mashine ya kuvunjia watu viuno. Alifunga leso yake kiunoni, akavuta rinda juu ya magoti bila kujali nani anamwona, na jirani akamsaidia kuupitisha mguu. Alinikumbatia kutoka nyuma. Tuliondoka.

Njia kutoka kwake mpaka lami ni ya mawe na mchanga, na kila jiwe lilinigonga kifuani. Nilikuwa navuta hewa na hewa ilikuwa inaingia kama kupitia mrija uliokanyagwa. Nilisikia sauti ya filimbi, nikadhani ni pikipiki. Kumbe ni mimi. Tumbo lilinikata. Mbele ya macho yangu mgongo wa shati la jirani uliingia giza, ukarudi, ukaingia giza tena. Nilifikiria watoto wangu. Sikufikiria jambo kubwa. Nilifikiria tu kwamba nguo zao za shule niliziacha kwenye beseni na hakuna anayejua.

Mama mkwe alikuwa ameweka kiganja chake wazi juu ya kifua changu. Kila kilipoinuka alikisukuma kidogo, kama anayemkumbusha mtu zamu yake. Alikuwa anaomba kwa Kikamba sikioni pangu, haraka haraka, kisha katikati ya maombi akaacha, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayotumia kuuliza bei ya mahindi:

"Kama ni sumu, mwanangu, tutaenda wote wawili. Usiogope kwenda peke yako."

Nilikuwa sijafikiria. Yeye pia alikuwa amekula. Alikuwa amekula zaidi yangu. Kumbe safari yote alikuwa amekaa nyuma yangu akingoja koo lake nalo lifunge, na mkono wake haukuwa umetetemeka hata mara moja.

Mutomo kuna hospitali ya misheni. Jirani aliingiza pikipiki mpaka kwenye ngazi akipiga honi. Nakumbuka sakafu nyekundu iliyong'aa, nakumbuka mikono mingi, nakumbuka daktari kijana akiniuliza nimekula nini na mimi nikishindwa kujibu.

"Amekula wadudu wa baharini," mama mkwe akasema. "Wana miguu."

"Kamba?"

"Ndiyo hao. Na mimi nimekula."

Daktari alimgeukia. "Wewe unajisikiaje, mama?"

"Mimi sijui. Mtibu huyu kwanza. Mimi nitakaa hapa, nikianguka mtaniona."

Walinichoma sindano pajani, juu ya nguo, bila hata kunivua. Wakaniwekea hewa usoni. Moyo ulianza kukimbia kama mnyama aliyefunguliwa kamba, mikono ikatetemeka, na nilidhani sasa ndiyo mwisho wenyewe. Kisha, polepole sana, ile filimbi ikashuka. Hewa ikapita. Nilivuta pumzi moja iliyofika mpaka chini, na nililia kwa pumzi hiyo kuliko nilivyowahi kulia kwa msiba.

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi ukutani, wima, mikono juu ya mapaja. Walimpima presha, wakamwangalia koo, wakamwambia hana kitu.

"Mna hakika?"

"Tuna hakika, mama. Ni aleji. Mwili wake umewakataa hao kamba. Wako haujakataa."

"Lakini alikuwa anawala huko ng'ambo. Alikaa huko akiwala."

"Inatokea hivyo," daktari akasema. "Mtu anakula kitu, anakula, halafu siku moja mwili unasema hapana. Na mara nyingi unatoa dalili kwanza." Akaniuliza kama niliwahi kuwashwa kabla ya siku hiyo. Nilinyoosha kidole shingoni, pale pale mwenyeji wangu alipokuwa ameninyooshea. Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akatikisa kichwa, kisha nadhani alitaka kunichekesha. "Pole sana. Mkamba ambaye hawezi kula kamba."

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa amefunika uso kwa leso, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Tangu nimjue sikuwa nimewahi kumwona akilia. Hakulia mumewe alipozikwa. Muuguzi akaenda kumshika, yeye akausukuma mkono wake kwa upole na kusema, "Niache. Kilio hiki nilikuwa nimekizuia tangu nyumbani."

Walinilaza mpaka kesho yake kwa sababu daktari alisema hali hiyo inaweza kurudi. Mume wangu alifika akiwa bado amevaa suti ya mazishi, na aliponiona uso, ule uliovimba, alishika ukingo wa kitanda akakaa chini sakafuni. Mama yake alimwambia ainuke, atachafua suti.

Watu hufikiri ukishapona hofu inaisha. Yangu ilianzia hapo. Nilirudi Kibwezi nikiwa na vidonge kwenye mkoba na maelekezo ya kukimbilia hospitali ya karibu nikihisi dalili yoyote, na kuanzia siku hiyo kila chakula kilikuwa mlango ambao sijui nyuma yake kuna nini. Daktari alikuwa ameniambia vizuri: kamba na jamii yake, basi. Samaki wa kawaida sina shida naye, nyama sina shida nayo. Nilimwelewa. Lakini nilipoketi mbele ya sahani ya maharagwe niliyoyapika mwenyewe, koo lilibana. Nilikuwa natafuna huku nimeweka vidole shingoni. Harusini nilikula ndizi tu, kwa kuwa nilizimenya mimi. Kwenye mikutano ya kikundi nilisema nimefunga, na wenzangu wakaniheshimu kwa ucha Mungu ambao sikuwa nao.

Nguo zilianza kunipwaya. Mume wangu alianza kuonja chakula changu kabla yangu, akijua haisaidii chochote. Ile chupa ya mchuzi wa samaki niliitoa nje na kuizika nyuma ya choo. Hata mchaichai kwenye chai niliuacha, kwa sababu harufu yake ilinirudisha pale uani nikiwa natazama kuku.

Niliporekodi ujumbe na kumtumia mwenyeji wangu wa Thailand, nikitumia simu kutafsiri, alinipigia kwa video papo hapo. Alinyoosha kidole chake kwenye shingo yake mwenyewe. Kisha akaelekeza simu kwenye jiko lake, akanionyesha kinu, na akaanza kutwanga ile saladi ya embe mbele yangu, bila kamba, bila mchuzi wa samaki, kwa chumvi na karanga na ndimu. Alinyanyua kijiko mpaka kwenye kioo cha simu kama ananilisha. Nilifungua mdomo, nikiwa peke yangu jikoni Kibwezi, mdomo wazi mbele ya simu. Lakini kutengeneza ile saladi nilishindwa. Nilikata embe, nikaliangalia, nikawapa mbuzi wa jirani.

Aliyenitoa pale ni mama mkwe. Alikuwa ameambiwa na mwanawe kwamba sili. Siku niliyotakiwa kuonana na daktari mjini Kitui, nilimkuta kwenye kituo cha matatu amevaa nguo zake za kanisani, ananingoja.

"Naenda na wewe," akasema.

Daktari aliniangalia, akanipima uzito, akakunja uso. Tulipotoka ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Mama mkwe alinivuta mkono mpaka kwenye hoteli moja karibu na msikiti, ya mama Mwislamu ambaye wazee wake walihamia Kitui kutoka pwani. Harufu ilitufikia nje: mchele, mdalasini, iliki, vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa rangi ya kahawia. Nilisimama mlangoni.

"Pwani," nikamwambia. "Mwaitu, hawa ni watu wa pwani. Wanapika kamba."

"Tutauliza. Mdomo tumepewa."

Aliingia mbele. Yule mwenye hoteli alitukaribisha, akaanza kututajia: biriani ya mbuzi, pilau, maharagwe ya nazi. Mama mkwe alisimama wima.

"Hapa mnapika wadudu wa baharini?"

Mwenye hoteli alishangaa. "Kamba? Mama, hapa Kitui bahari iko wapi?"

"Nakuuliza kwa sababu huyu ni binti yangu, na akiwala anakufa. Nilimshika mimi. Nataka kuona jiko."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini yule mama aliacha kutabasamu, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akafungua pazia. "Karibuni jikoni," akasema. Alifunua sufuria moja moja. Alituonyesha nyama ya mbuzi ilivyolala kwenye mtindi na tangawizi, akatuonyesha mafuta, mtungi wa achari ya embe, hata beseni la kuoshea vyombo. Mama mkwe aliinama juu ya kila kitu, akanusa, akauliza. Kijiko hiki kilipikia nini jana? Achari hii ina nini ndani? Yule mama alijibu yote bila kuchoka, na mwisho akasema atanipakulia mwenyewe kwa sahani aliyoiosha mbele yetu.

Tulikaa. Biriani ililetwa ya moto, mchele wa manjano na mweupe, mchuzi mzito chini. Nilishika kijiko, nikakirudisha mezani, nikakishika tena. Nilikuwa naogopa kama nilivyoogopa kwenye ile pikipiki. Nasema kweli. Nilikula kijiko cha kwanza nikiwa na machozi, na sikusikia ladha yoyote ila hofu. Cha pili nilisikia iliki. Cha tatu nilisikia mbuzi, laini, akiachana na mfupa, na tangawizi nyuma yake, na njaa ya miezi yote ile ikaamka mara moja.

Mama mkwe hakuwa ameigusa sahani yake. Alikuwa ananitazama shingoni.

"Kula, Mwaitu. Itapoa."

"Ngoja nikuone kwanza. Ongea."

"Niongee nini?"

"Chochote. Nataka nisikie sauti yako kama ni ile ile."

Basi nikaongea. Nilimweleza ndengu zilizopikwa kwa sukari na nazi, na akasema huo ni uharibifu. Nilimweleza watu wanaosalimiana kwa kuulizana kama wamekula. Nilimuuliza, kwa sababu siku hiyo nilikuwa na ujasiri wa ajabu, kwa nini miaka yote hajawahi kuniambia kama chakula changu ni kitamu au kibaya. Alifikiri.

"Mama mkwe wangu aliniambia kila siku," akasema. "Kila siku, kibaya au kizuri. Nilikuwa nalia kwenye moshi. Niliapa nikipata mke wa mwanangu, sitamwambia kitu."

Niliweka kijiko chini.

"Mbona umenyamaza?" akauliza haraka, akainama kunitazama. "Ongea!"

"Niko sawa, Mwaitu. Niko sawa."

Alinitazama kidogo zaidi, kisha akavuta sahani yake, akaanza kula. Mimi bado naogopa. Hata leo nikiingia hoteli nisiyoijua nauliza, naomba kuona jiko, na kijiko cha kwanza nakimeza nikiwa nimeshika meza. Lakini nakimeza, na baada yake nachukua cha pili.